Tiketi Mbili za Kwenda Andimeshk

22 Bahman

Mvua tangu alfajiri. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la pili simu ilipolia, na sauti sikuitambua mara moja. Alikuwa Nosrat, mke wa baba mdogo Jahanbakhsh, kutoka Andimeshk. Kwa miaka yote niliyokuwa na simu yangu, hajawahi kunipigia.

"Sikupigii kukulilia, Parizad," akasema. "Baba yako mdogo ini limekwisha. Madaktari wamemrudisha nyumbani. Amesema kaka yake aje. Basi, hajasema zaidi."

Nikamwuliza amebakiwa na muda gani.

"Wanasema Mwaka Mpya tutaufungua naye, tukijaliwa." Nikahesabu: Bahman iishe, Esfand ipite, ndipo Farvardin na Mwaka Mpya. Wiki tano.

Baba mdogo Jahanbakhsh ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku mama yangu, Tavus, alipokufa. Ukungu mlimani, lori mbele. Mama alivunjika shingo, yeye akavunjika mguu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, sasa nina thelathini na minne. Tangu siku ile baba hajamtamkia nduguye neno, na mimi katika kimya hicho nimemsaidia baba kwa moyo mmoja.

Nilipompa habari alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya kiazi kilekile mpaka kikabaki kama karanga.

"Tutakwenda," akasema. "Kwa treni."

"Kwa gari ni mwendo wa saa nne tu, baba."

"Nimesema kwa treni."

Sikubishana. Barabara ile hata mimi sijaikanyaga tangu mwaka ule. Na baba reli anaijua. Miaka thelathini alitembea juu ya mataruma ya bonde lile, spana ndefu begani, akikaza kilicholegea na kuokota mawe yaliyoporomoka. Huyu mtu akitaja mahandaki kati ya hapa Dorud na Andimeshk, anayataja kama mtu anayetaja shangazi zake.

23 Bahman

Nimekata tiketi mbili za tarehe 29. Baba anataka upande wa mto. Nimepata upande wa mlima.

24 Bahman

Mvua.

27 Bahman

Nimempangia baba nguo. Kanikatalia shati la bluu, kalikubali jeupe, kalikataa jeupe. Nimenunua walnati na asali ya kumpelekea mgonjwa, kisha nikajiuliza mtu mwenye ini bovu anakula asali? Nikampigia Nosrat. Akasema, "Leta. Wageni watakula."

Najiuliza nitamwambia nini mtu yule. Anataka kusamehewa kabla hajafa, hilo halihitaji kuambiwa. Lakini msamaha ni wa baba. Mimi sijaombwa chochote, na nikiombwa sijui kama ninao.

29 Bahman

Hatukuondoka. Mlima umemwaga mawe juu ya njia upande wa kusini. Tulikaa stesheni na mabegi yetu hadi adhuhuri, na bwana Saki wa dirisha la tiketi akatoka akasema, "Mzee wangu, rudini nyumbani. Leo hata mbuzi hapiti."

Baba akakubali haraka kuliko nilivyotarajia.

4 Esfand

Njia imefunguliwa. Tiketi za siku za karibu zote zimekwisha, maana watu wanaanza safari za Mwaka Mpya. Za tarehe 12 zilifunguliwa saa tatu asubuhi. Niliwapa watoto wa darasa langu kazi ya kuchora ua, nikakaa na simu mezani nikibonyeza na kubonyeza. Saa tatu na dakika sita zilikuwa zimekwisha. Mtoto mmoja akaniuliza kwa nini nalia. Sikuwa nalia, nilikuwa nimekasirika, lakini kwa watoto ni yaleyale.

7 Esfand

Nimepata mbili! Tarehe 16. Mtu ameahirisha safari, bwana Saki akaniwekea. Upande wa mto. Nilikimbia nyumbani kumwambia baba. Akasema, "Goti langu linauma."

"Goti na treni wapi na wapi? Utakuwa umekaa."

"Nimesema tu linauma."

10 Esfand

Nosrat ametuma picha. Sikuitegemea. Nilikuwa na sura ya mtu yule kichwani, mnene, mwenye masharubu, mtu wa kuchukiwa vizuri. Kwenye picha kuna mzee wa manjano kama aliyepakwa binzari, kanzu imemning'inia, tumbo limevimba. Amejaribu kutabasamu.

Nilimwonyesha baba. Aliishika simu mbali, kisha karibu, kisha akanirudishia. "Masharubu kanyoa," akasema. Akatoka kwenda kuangalia mvua, kana kwamba mvua huonekana vizuri zaidi ukiwa umelowa.

15 Esfand



Leo baada ya shule nilipita stesheni kuuliza treni ya kesho inaondoka saa ngapi. Bwana Saki akanitazama kwa huruma ya mtu anayejua asichopaswa kusema.

"Mwalimu, mzee ni mtu wetu, nisingependa kumsema. Lakini tiketi alizirudisha mwenyewe juzi. Nikadhani mmeshauriana."

Nilitembea nyumbani bila mwavuli. Baba alikuwa ameketi karibu na jiko la mafuta, redio inasoma habari za mafuriko.

"Umerudisha tiketi."

"Njia mbovu."

"Njia iko wazi siku kumi na moja sasa!"

"Nimeitembea miaka thelathini. Wewe utanifundisha?"

"Baba, mtu anakufa!"

"Najua anakufa," akasema polepole. "Kila mtu ananiambia anakufa. Mlangoni wananiambia, msikitini wananiambia, sasa na wewe. Mkinyamaza hatakufa?"

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Nikaenda jikoni nikaosha mchele mara tano, mpaka maji yakatoka safi na mkono ukafa ganzi.

Sasa nimetulia kidogo na nadhani nimemwelewa. Hawezi kumsamehe. Amejaribu, ameshindwa, na anaona haya kwenda kwa mtu anayekufa na mikono mitupu. Na ukweli ni kwamba nimejikuta namwonea fahari. Kuna mwanamume gani mwingine amemkalia mkewe matanga miaka kumi na tisa? Ana haki yake.

16 Esfand

Treni iliondoka bila sisi. Nilisikia honi nikiwa darasani.

19 Esfand

Mvua, mvua, mvua. Mto umepanda hadi kwenye mizizi ya mipopla. Shule imefungwa leo na kesho.

21 Esfand

Mafuriko. Daraja moja dogo la reli limechukuliwa, njia imefungwa "hadi itakapotangazwa." Barabara ya magari inayopita Khorramabad nayo imekatika mahali pawili. Hata kama baba angegeuka leo akasema twende kwa gari, kwa punda, kwa miguu, hakuna pa kupita. Nosrat amepiga. Anauliza tunakuja lini. Nikamwambia njia imekatika. Akasema, "Anauliza kila asubuhi. Namwambia treni ipo njiani."

24 Esfand

Kumetokea jambo la ajabu. Tangu njia ikatike, baba anakwenda stesheni kila siku. Anavaa shati jeupe, anakwenda, anauliza, anarudi. "Bado," ananiambia. Leo nikamfuata kwa mbali. Alisimama kwenye dirisha la tiketi akibishana na bwana Saki kuhusu mafundi, mara wangapi wako kule, mara wana kreni au hawana, sauti juu, mikono juu, kama mtu ambaye angepasua mlima kwa meno ili apite.

Nilifurahi. Kisha nikiwa njiani kurudi, furaha ikakauka. Wakati njia ilipokuwa wazi alirudisha tiketi. Sasa haipitiki ndiyo anaihangaikia. Baba yangu anaitaka treni ile wakati tu haipo.

Sijui nifanye nini na jambo hili nililoliona.

28 Esfand

Nosrat anasema mgonjwa amekoma kula. Anakunywa chai vijiko viwili.

Leo kwa mara ya kwanza niliomba Mungu amwache mtu yule aishi. Nilishangaa dua ilivyotoka, bila kunitaka ruhusa.

1 Farvardin

Mwaka Mpya. Nilitandika kitambaa, nikaweka vitu vya desturi: ngano iliyochipua, siki, tufaha, kitunguu saumu. Tulikaa wawili tukingoja redio itangaze. Mwaka ulipogeuka baba akanibusu kichwani, akasema, "Mungu akupe mwaka mwema, mwanangu," na akalia. Hulia kila mwaka kwa ajili ya mama. Mwaka huu alilia kupita kiasi. Nilimshika bega, na bega likajitoa.

4 Farvardin

Jua! Njia inafunguliwa kesho kwa treni ya mchana. Bwana Saki ameniandikia mwenyewe: nafasi zipo, watu wanaogopa kusafiri.

Safari hii sikumwuliza baba. Nilikata tiketi mbili, nikaziweka kwenye mkoba wangu, nikamwambia, "Mimi nakwenda kesho. Ukitaka, njoo. Hutaki, nitakwenda peke yangu, nimwambie umeshindwa kuja."

Akasimama. Uso ulimbadilika kama mtu aliyeona nyoka ndani ya chumba.

"Peke yako? Uende ukakae naye peke yako?"

"Ndiyo."

"Hapana. Hapana, Parizad. Nakuja."

Nikadhani ni mapenzi ya baba kwa binti yake, asiyetaka nisafiri peke yangu. Nikamtengenezea chai.

5 Farvardin, Andimeshk

Lazima niandike yote, la sivyo kesho nitadhani nimeota.

Treni ilikwenda vizuri hadi katikati ya bonde, kisha ikasimama. Mawe madogo tu, gadi akasema, dakika ishirini. Tukakaa zaidi ya saa mbili, mto chini yetu rangi ya matofali. Baba akashuka kwenda kuwaona wale mafundi. Niliwasikia wakimwita, "Mzee Khodamorad! Umekuja kutukagua? Chukua koleo basi!" Wakampa chai. Aliporudi hakuwa amechangamka kama nilivyotarajia. Akakaa, akaweka mikono juu ya magoti yote mawili.

"Parizad. Siku ile."

"Naam, baba."

Nilingoja. Nje walikuwa wanagonga reli kwa chuma.

"Siku ile kulikuwa na ukungu," akasema.

"Najua, baba."

Akageukia dirishani. Treni ikaondoka, naye akabaki akitazama mto hadi Andimeshk.

Nosrat alitupokea mlangoni. Akamtazama baba juu hadi chini. "Shemeji, umekuja kwa treni au kwa kobe?" Kisha akalia, akatuingiza ndani.

Baba mdogo alikuwa amelazwa sebuleni kwenye godoro, karibu na dirisha. Mdogo kuliko kwenye picha. Lakini macho yake bado ni ya mtu mwenye afya.

"Umezeeka, mzee wa reli," akamwambia baba. "Nami nilidhani mimi ndiye mbaya wa sura katika ukoo huu."

Baba akapiga magoti, akambusu paji la uso. Hakuna aliyesema "nisamehe." Hakuna aliyesema "nimekusamehe." Nosrat akaleta chai, akaketi. Mimi nimesimama karibu na mlango na chupa ya asali mkononi kama mjinga.

Kisha baba mdogo akauliza, "Umemwambia?"

Baba alikuwa anatazama chai yake. "Bado."

"Miaka kumi na tisa, bado."

"Kuniambia nini?" nikauliza.

Nosrat akaanza kukusanya vikombe ambavyo chai haijanywewa. Nikajua kwamba hata yeye anajua.

"Mwambie," akasema baba mdogo, "au nimwambie mimi. Sikukuita uje unilie. Watu wa kunilia ninao."

Baba akasema. Alilisemeza zulia, si mimi. Mama alikuwa amekuja hapa Andimeshk kumsaidia Nosrat aliyekuwa amejifungua. Alikuwa na tiketi ya treni ya Jumamosi. Lakini siku ya baba ya mapumziko ilikuwa Ijumaa, siku moja tu baada ya wiki tatu bondeni. Alhamisi akampigia nduguye kwa simu ya stesheni: mlete leo kwa gari. Baba mdogo akasema mlimani kuna ukungu, haonekani mtu na kivuli chake, acha aje na treni.

"Nikamwambia, wewe mwoga tangu utotoni," baba akasema. "Nikamwambia kama unaogopa sema, nimtafutie dereva mwanamume. Nilitaka tu Ijumaa yangu awe nyumbani. Hilo tu, Parizad. Nilitaka nile alichopika."

"Na hospitali?" baba mdogo akasema. "Maliza."

Hospitali, babu yangu alipofika, aliuliza mbele ya watu wote: nani aliyeamuru safari katika ukungu ule? Baba alikuwepo pale, amesimama, akafungua mdomo. Na kutoka kitandani, mguu umevunjika, baba mdogo akasema, "Mimi."

"Nami nikanyamaza," baba akasema. "Nikanyamaza siku ile, na siku ya pili ikawa ngumu zaidi, na ya tatu. Kisha nikawa siwezi kumtazama usoni. Watu wakasema nimemkasirikia. Nikawaacha waseme."

Nilimwuliza baba mdogo kwa nini. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Ulikuwa umebakiwa na mzazi mmoja," akasema. "Nikaona huyo mmoja usimchukie. Mimi ni baba mdogo tu, nikichukiwa hakuna kitakachopungua." Akapumzika, akavuta pumzi. "Kilipungua, lakini. Nikangoja ukue, akwambie. Ukakua. Ukawa mwalimu. Nikaona sasa ninayekwisha ni mimi."

Niliweka asali chini. Nilitoka uani nikakaa kwenye ngazi. Hakuna aliyenifuata, na hilo lilikuwa jema.

6 Farvardin

Sijazungumza na baba.

7 Farvardin

Nampa baba mdogo chai kwa kijiko. Leo nilimkumbusha harusi ya binamu yangu, miaka saba iliyopita, aliponyanyuka kunisalimu mbele ya watu nami nikampita kama nguzo.

"Nakumbuka sana," akasema. "Nilikuwa nimeshona suti kwa ajili yako. Nikasema, akiniona nimependeza, labda."

"Uniwie radhi, baba mdogo."

"Nilikwisha kukuwia siku ileile. Suti ndiyo ilinikera, ilikuwa inabana kwapani."

Nikacheka, kisha nikashindwa kuacha, na kicheko kikageuka kilio. Akanishika kidole kimoja tu, nguvu za kushika vyote hana.

9 Farvardin

Baba hana pa kukaa. Akiingia sebuleni, naondoka. Akija uani, naingia ndani. Sifanyi makusudi, miguu inafanya. Nosrat amempa kazi ya kuwasha jiko la chai, na analiwasha kana kwamba ameajiriwa. Leo asubuhi niliwaona kupitia dirishani: baba amechukua mkasi, anamkata nduguye kucha za miguu, mguu mzima na ule mbovu. Hawasemezani. Baba mdogo amefumba macho. Sijui kama ule ni msamaha au uchovu.

10 Farvardin

Baba mdogo hajaamka vizuri leo.

11 Farvardin

Amefariki baada ya sala ya adhuhuri. Nosrat alikuwa anamsomea, mimi nimemshika mkono, baba yuko mlangoni na birika. Hakuingia hadi Nosrat alipomwita.

13 Farvardin

Leo ni siku watu wote hutoka kwenda mashambani kula na kucheza, maana kukaa nyumbani siku ya kumi na tatu ni mkosi. Tulipotoka makaburini mji ulikuwa mtupu, na kando ya mto familia zimetandika mazulia, moshi wa nyama, watoto na mipira. Kumekauka kabisa. Huwezi kuamini kwamba mvua iliwahi kunyesha.

Baba alikuwa anatembea hatua kumi nyuma yangu. Nikapunguza mwendo ili anifikie. Naye akapunguza.

14 Farvardin, ndani ya treni

Shule inafunguliwa kesho. Baba anabaki hadi arobaini iishe, Nosrat amemwomba, au yeye amemwomba Nosrat, sikuuliza. Nimekata tiketi moja.

Alinisindikiza hadi stesheni, amenibebea begi. Akaliweka juu, akakagua kufuli la dirisha, akagonga kiti kuona kama kimekaza. Nilitaka kumwambia kitu. Tangu siku ile natafuta neno, kila ninaloliokota ni zito mno au jepesi mno. Nampenda, na sijui nimfanye nini. Ningekuwa na miaka kumi na mitano ningepiga kelele. Nina thelathini na minne, nikamwambia asisahau dawa ya presha.

Akashuka, akasimama chini ya dirisha langu, kofia mkononi.

"Nikirudi," akasema, "nitakukuta nyumbani?"

Gadi alikuwa ameshapuliza filimbi.

"Shule natoka saa saba," nikamwambia. "Ukifika mapema, ufunguo utaukuta kwa Kokab, jirani."

Akashukuru, mkono kifuani, kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.